Bango Lina Haki, Hema Halina: Maswali Yenu Kuhusu Uhuru wa Kusema Katika Vyuo vya Serikali Marekani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanafunzi wetu walioko Marekani, na moja imetoka kwa mzazi aliyebaki nyumbani akisoma habari na kukosa usingizi. Zote zinazunguka jambo moja: mwanafunzi aseme nini, asemee wapi, na akiguswa afanye nini. Majina ya walioandika na ya vyuo vyao tumeyaacha.

Nasoma uzamili chuo cha serikali hapa Ohio. Nilikuwa nagawa vipeperushi kwenye njia ya kwenda maktaba, askari wa chuo akanisimamisha. Anasema karatasi zinagawiwa kwenye kiwanja kimoja tu, nyuma ya jengo la wanafunzi, tena uwe umeomba siku kumi za kazi kabla. Kweli ndivyo sheria ilivyo?
*Msomaji, Ohio*

Sivyo, na bahati yako ni kwamba jimbo lako limeshaipitia kesi hii. Mwaka 2012 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Ohio aliuzuia utaratibu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati uliofanana na huo kama pacha: eneo moja la kusemea, lililokuwa asilimia 0.1 tu ya kampasi ya ekari 137, na taarifa ya siku 5 hadi 15 za kazi kabla. Wanafunzi waliofungua kesi hawakutaka makubwa. Walitaka kuzunguka wakikusanya saini za wapiga kura.

Msingi wake ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791. Hayo hayamzuii jirani yako kukunyamazisha, yanaizuia serikali. Chuo cha umma ni serikali, kuanzia rais wa chuo hadi huyo askari aliyekusimamisha. Na katika shauri la Healy dhidi ya James, mwaka 1972, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba ulinzi huo unapungua mtu akishavuka geti la chuo.

Hata hivyo kampasi si uwanja mmoja. Vijia, nyasi na viwanja vya wazi ndipo haki yako ilipo na nguvu zaidi. Darasani wakati wa kipindi, maabara, ofisi na ndani ya maktaba chuo kina mamlaka makubwa ya kusema hapana. Na hata nje kinaweza kuweka masharti ya saa, mahali na namna, ila masharti hayo yapimwe kwa mambo matatu. Yasitazame unachosema. Yawe na sababu ya kweli na yasibane kuliko sababu hiyo inavyohitaji. Yakuachie njia nyingine ya kuwafikia watu. "Hakuna kipaza sauti karibu na vyumba vya mitihani" hupita kirahisi. "Hakuna karatasi popote isipokuwa nyuma ya jengo" haipiti.

Mabunge ya majimbo nayo yameingilia. Virginia ilipiga marufuku maeneo hayo ya kusemea mwaka 2014, Missouri ikafuata 2015, Texas 2019 (ingawa mwaka 2025 iliirekebisha na kuwarudishia vyuo nafasi ya kuweka mipaka), na Ohio yenyewe ilitunga sheria yake 2020. Vyuo vingine bado vina kanuni za zamani kwenye tovuti zao, na askari wa zamu huitekeleza ile aliyofundishwa siku ya kwanza kazini.

Ikikutokea tena, usibishane pale pale. Kukaidi amri ya askari ni kosa linalojitegemea, na hulihitaji. Muulize kwa utulivu kanuni hiyo inaitwaje na nani amemtuma, kisha ondoka uandike saa, mahali, maneno aliyotumia na majina ya waliokuwepo. Jioni hiyo hiyo tuma barua pepe kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi ukiomba wakupe kanuni hiyo kwa maandishi. Mara nyingi jibu linalorudi ni kwamba kulikuwa na kutoelewana, na unaruhusiwa. Lihifadhi, siku ya pili umwonyeshe askari.

Upande wako nao uwe safi. Usizibe njia, usimfuate mtu aliyekataa karatasi, usichomeke kwenye vioo vya magari, na kabla ya kuondoka okota zilizotupwa chini. Uchafuzi wa mazingira ndicho kisingizio rahisi kuliko vyote.

Nitajuaje kama chuo changu ni cha serikali? Jina lina neno "University" na jina la mji.
*Msomaji, Florida*

Jina halisaidii. University of Miami, iliyoko Florida, ni chuo binafsi. Miami University, iliyoko Ohio, ni cha serikali. University of Pennsylvania ni binafsi, ila Penn State inahesabiwa ya umma. Fungua tovuti ya serikali iitwayo College Navigator, andika jina la chuo, na mstari wa aina ya chuo utakuambia "Public" au "Private".

Ukikuta ni binafsi, Katiba haikifungi chuo hicho. Unachoweza kushikilia ni ahadi kilizoandika chenyewe kwenye mwongozo wa wanafunzi, ambazo mahakama nyingi huzichukulia kama mkataba au karibu na mkataba. California peke yake ina sheria, ya mwaka 1992, inayovibana hata vyuo binafsi visivyo vya dini visimwadhibu mwanafunzi kwa maneno ambayo nje ya chuo yangelindwa.

Binti yangu ana viza ya F-1, ile ya wanafunzi, yuko chuo cha serikali mwaka wa pili. Ananiambia huko kila mtu ana haki ya kusema. Mimi nasoma habari za wanafunzi kukamatwa kwa sababu ya makala. Nani mkweli, binti yangu au magazeti?
*Mzazi, Moshi*

Shikamoo mzee. Wote wawili ni wakweli, na ndiyo maana jibu lako litakuwa refu kidogo.

Binti yako ana haki. Mwaka 1945, katika shauri la Bridges dhidi ya Wixon, Mahakama ya Juu iliokoa kiongozi wa wapakuzi wa bandarini, raia wa Australia, asifukuzwe nchini, na ikasema uhuru wa kusema na wa kuandika unawahusu wageni wanaoishi Marekani. Chuo hakiwezi kumwadhibu yeye kwa bango ambalo mwenzake Mmarekani analibeba bila kuulizwa.

Shida haitoki chuoni, inatoka idara ya uhamiaji. Sheria ya uhamiaji inampa Waziri wa Mambo ya Nje mamlaka ya kudai mtu aondolewe kwa sababu za sera ya nje, na mwaka 1952 Mahakama ya Juu hiyo hiyo iliruhusu kufukuzwa kwa wageni waliowahi kuwa wanachama wa chama cha Kikomunisti. Machi 2025 Rümeysa Öztürk, Mturuki aliyekuwa akisomea Tufts, alikamatwa barabarani na maofisa waliovaa kiraia. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshirikiana na wenzake watatu kuandika makala kwenye gazeti la wanafunzi. Alikaa kizuizini Louisiana zaidi ya wiki sita hadi jaji wa shirikisho alipoamuru aachiwe mwezi Mei. Tarehe 30 Septemba 2025 jaji mwingine, huko Massachusetts, aliamua kwamba wageni waliopo kihalali wana haki ya kusema sawa na raia, na kwamba kampeni ya serikali ya kuwakamata wageni kwa maneno yao iliivunja. Kwa hiyo sheria imesimama upande wa binti yako, lakini mtu anaweza kushinda kesi akiwa tayari ameshalala kizuizini wiki sita.

Cha kumwambia si "nyamaza". Mwambie ajue ngazi za hatari. Kuandika, kuhudhuria mkutano, kubeba bango mahali panaporuhusiwa: hayo yanalindwa. Kukamatwa na polisi ni jambo jingine kabisa, hata kesi ikifutwa kesho yake, kwa sababu fomu ya viza, DS-160, inauliza kama umewahi kukamatwa, na jibu la uongo ni kosa baya kuliko kukamatwa kwenyewe. Polisi wakitangaza watu watawanyike, yeye awe wa kwanza kuondoka. Wenzake wenye pasipoti ya Marekani wanaweza kubaki. Wao asubuhi hawana afisa wa uhamiaji wa kumjibu.

Lakini kinachowaondoa wengi kimya kimya ni kusimamishwa masomo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 lazima asome angalau krediti 12 kwa muhula. Chuo kikimsimamisha muhula mmoja, hasomi kitu, na chuo kinawajibika kuliripoti hilo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Akijiondoa kwa idhini ya afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, anapata siku 15 za kuondoka nchini. Akisimamishwa bila mpango wowote hapati hata moja. Kwa hiyo adhabu ambayo kwa mwenzake ni likizo ya kulazimishwa, kwake ni tiketi ya ndege. Akipewa karatasi ya nidhamu ya kusaini, hata ikiwa na jina zuri kama "makubaliano", asiweke saini kabla hajamwonyesha afisa huyo na wakili wa uhamiaji.

Mengine madogo. DS-160 inataka majina ya akaunti za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za F wanaagizwa waziweke wazi kwa umma, kwa hiyo likizo ya kuja nyumbani ni wakati wa kufikiria kama viza yake itahitaji kuombwa upya. Viza iliyogongwa kwenye pasipoti ni ya kuingilia nchini. Uhalali wa kukaa unatokana na rekodi ya SEVIS. Akisikia viza imefutwa, asikimbilie uwanja wa ndege wala asikae tu, ampigie wakili siku hiyo hiyo. Na awe ameikariri namba hiyo ya simu, kwani simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Nasomea uuguzi Minnesota. Niliandika Facebook nikilalamikia wenzangu wa kundi la mafunzo hospitalini. Mkuu wa programu ananiita, anasema nimevunja maadili ya taaluma. Akaunti ni yangu, nimeandikia nyumbani. Wanaingiaje?
*Msomaji, Minnesota*

Dada, hapa uwe mwangalifu kuliko wasomaji wengine wote wa safu hii, kwa sababu mahakama ya rufaa inayolisimamia jimbo lako imeshaamua kesi kama yako, na mwanafunzi alishindwa. Ni shauri la Keefe dhidi ya Adams, 2016. Mwanafunzi wa uuguzi wa chuo cha serikali huko huko Minnesota aliandika Facebook kuhusu wenzake kwa namna iliyowatia hofu, programu ikamwondoa kwa kutumia kanuni za maadili ya wauguzi zilizokuwa ndani ya mwongozo, na mahakama ikakubali.

Mahakama nyingine ya rufaa, inayosimamia Tennessee, Ohio, Kentucky na Michigan, ilielekea kwingine mwaka 2024. Mwanafunzi wa famasia wa Chuo Kikuu cha Tennessee alichunguzwa kwa picha na mashairi aliyoweka mtandaoni ambayo walimu waliona ya aibu. Mahakama ikasema yale hayakuhusu masomo wala hayakuvuruga chochote, na Januari 2025 chuo kilimaliza kwa kulipa dola 250,000.

Tofauti ya kesi hizo mbili ndiyo itakayoamua yako. Je, ulimtaja mtu wa kundini? Ulimtisha, hata kwa utani? Uligusa kazi ya hospitali? Kama ulilalamika tu kwamba ratiba ni mbaya na wenzako hawasaidiani, una hoja nzuri. Kama kuna jina na sentensi inayoweza kusomwa kama kisasi, hoja yako inadhoofika. Na kama kuna lolote la mgonjwa, iwe chumba, ugonjwa au kipande cha karatasi kinachoonekana nyuma ya picha, uhuru wa kusema hautakufaa hata kidogo, maana siri ya mgonjwa ina sheria yake, HIPAA, ya mwaka 1996.

Usifute hiyo posti kabla ya kikao. Piga picha ya skrini yenye tarehe na maoni yote chini yake, kisha iweke isionekane na watu. Kufuta kunaonekana kama kuficha ushahidi, na atakayebaki na nakala ni yule aliyekushtaki, ambaye huenda ameikata inapomfaa.

Nimepokea barua pepe nifike "kwa mazungumzo" Alhamisi kuhusu hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa wanafunzi. Hawasemi nimekosa nini. Rafiki zangu wanasema niende tu niombe radhi, yaishe.
*Msomaji, Texas*

Usiende kuombea radhi kosa usilolijua. Kwetu "samahani" ni adabu, unamwambia mkubwa ili hewa itulie. Kwenye jalada la nidhamu la chuo cha Marekani "samahani" ni kukiri, na itanukuliwa.

Haki yako hapa ina historia ya kufurahisha. Februari 1960 wanafunzi weusi wa chuo cha serikali cha Alabama waliingia mgahawa wa jengo la mahakama Montgomery, wakaomba kuhudumiwa kama wazungu. Chuo kikawafukuza tisa bila kuwaita wala kuwaambia kosa. Mwaka 1961, katika shauri la Dixon, mahakama ya rufaa ikasema chuo cha serikali hakimfukuzi mtu bila kumpa notisi inayotaja mashtaka yenyewe na nafasi ya kusikilizwa. Utaratibu wote wa vikao vya nidhamu mnaouona leo ni watoto wa kesi hiyo.

Basi jibu barua pepe hiyo leo, kwa mistari michache: unathibitisha umeipokea, unaomba utajiwe kifungu cha kanuni unachodaiwa kukivunja, maelezo ya tukio, tarehe na mahali, ushahidi uliopo, na kama kikao kinaweza kuishia kwenye adhabu. Omba kisogezwe mpaka uyapate hayo. Katika barua hiyo hiyo omba kuona jalada lako. Sheria ya shirikisho inakipa chuo siku zisizozidi 45 kukuonyesha, kwa hiyo usingoje.

Mtafute mshauri wa kwenda naye. Vyuo vingi vinaruhusu mtu mmoja, ila mara nyingi haruhusiwi kusema. Anakaa anakuandikia vikaratasi. Hilo pia lina faida, kwa maana anayeandika ndiye atakayekuwa na kumbukumbu. Ofisi ya msaada wa sheria ya wanafunzi, inayolipwa na ada zenu, ni nzuri kwa mikataba ya nyumba, lakini nyingi haziruhusiwi kumtetea mwanafunzi dhidi ya chuo chenyewe. Uliza hilo kabla hujawamwagia kila kitu. Tawi la jimbo la ACLU, shirika la kutetea haki za raia, na FIRE, shirika la kutetea uhuru wa kusema, huchukua kesi za namna hii bila malipo, ingawa hawachukui zote.

Ndani ya kikao shikilia jambo moja: watenganishe maneno na mwenendo. Wakisema hotuba "iliudhi", hilo si kosa. Mwaka 1973, katika shauri la Papish, Mahakama ya Juu ilimrudisha chuoni mwanafunzi wa Missouri aliyefukuzwa kwa kugawa gazeti lenye katuni iliyochukiza wengi, ikasema mawazo hayafungiwi mlango kwa kisingizio cha adabu. Wakisema "ulivuruga", waulize: darasa gani lilisimama, mlango gani ulizibwa, nani aliondoka? Uvurugaji ni tukio linaloshikika. Usizungumzie nia ya moyo wako, zungumzia dakika na mita.

Ukipewa adhabu, tazama tarehe ya mwisho ya rufaa kabla ya kitu kingine. Mwongozo wa chuo ndio unaoipanga, na siku huwa chache mno. Mahakamani muda ni mrefu zaidi: kesi hufunguliwa chini ya sheria ya haki za raia ya 1871, na ukomo wake hutegemea jimbo, Texas, Ohio na California ni miaka 2, New York 3. Wanaoshtakiwa ni maofisa kwa majina yao, kwa kuwa chuo chenyewe cha serikali kina kinga dhidi ya kudaiwa fidia. Ukishinda, mahakama inaweza kuagiza upande wa pili ulipe wakili wako, na hapo ndipo chuo huanza kupenda suluhu.

Chama chetu cha wanafunzi wa Afrika Mashariki kimemwalika mwanasiasa kutoka nyumbani. Wafuasi wa upande wa pili wametangaza watakuja kupiga kelele. Sasa chuo kinatutaka tulipe maelfu ya dola za ulinzi, au tufute.
*Msomaji, Washington*

Wamepotoka, na jimbo lako lina kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Washington kilikiambia chama kimoja cha wanafunzi kilipe dola 17,000 za ulinzi kwa sababu ya wapinzani waliotarajiwa. Jaji alizuia, na mwishowe chuo kililipa dola 122,500 kumaliza kesi. Kanuni inatoka shauri la Forsyth la mwaka 1992: gharama ya kibali haiwezi kupanda kwa kukadiria watu watachukia kiasi gani, kwani hapo anayetisha ndiye anayekuwa na rungu la kumfungia mwenzake mdomo.

Ada inayotokana na vitu vinavyohesabika inaruhusiwa: ukubwa wa ukumbi, idadi ya watu, saa za usiku, kama kuna fedha mlangoni. Waombeni jedwali la ada kwa maandishi, na muulize tukio la mwisho la ukubwa huo lililipa kiasi gani. Kama tamasha la muziki la watu 400 lililipa askari wawili na ninyi wa watu 150 mnadaiwa kumi, barua yenu imeshajiandika. Na msisahau kuomba mgao wa ada za shughuli za wanafunzi; tangu shauri la Southworth la mwaka 2000 mfuko huo lazima ugawiwe bila kutazama msimamo wa chama.

Hosteli mwenzangu ameandika kwenye kundi la WhatsApp la ghorofa yetu kwamba Waafrika turudi tulikotoka. Chuo kinasema hakiwezi kumfukuza. Hiyo ndiyo haki gani?
*Msomaji, Michigan*

Ndugu yetu, jibu litakuudhi. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 ya uwiano wa kitaifa inayoyafanya maneno ya chuki kuwa kosa. Marekani haina. Chuo Kikuu cha Michigan kilijaribu kuweka kanuni ya kuadhibu maneno yanayodhalilisha watu kwa rangi au dini, na mwaka 1989 jaji akaifuta kwa kuwa hakuna aliyeweza kueleza mwisho wake uko wapi. Kanuni hiyo hiyo inayomlinda huyo mwenzako ndiyo inayokulinda wewe ukimwita rais wa nchi majina. Hatusemi inafariji.

Yapo mahali inapokoma. Akikutisha kwa namna ambayo mtu wa kawaida angeogopa, na yeye akawa hajali kwamba utaogopa, hicho ni kitisho na hakilindwi; kipimo hicho kiliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 2023 katika shauri la Counterman. Akichochea watu wakupige sasa hivi na wakaelekea kufanya hivyo, nako hakuna ulinzi. Na akiendelea kukuandama wewe binafsi, siku baada ya siku, mpaka unakwepa jiko la pamoja au unaacha kuhudhuria kipindi, hiyo inaingia kwenye bughudha, na chuo kinalazimika kuchukua hatua chini ya Sheria ya Haki za Raia ya 1964.

Kwa hiyo ujumbe mmoja hauna mashiko, ila mlolongo unayo. Fungua daftari. Kila tukio liwe na tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyosemwa, shahidi, na mstari mmoja wa mwisho: nini kilibadilika kwako. "Nilihamia kusomea maktaba." "Nilikosa kipindi cha saa mbili." Watu wengi huandika matusi kwa ukamilifu na kuusahau mstari huo, na ndio unaoamua. Peleka ripoti kwa maandishi. Chuo kikikaa kimya, malalamiko yanapelekwa Idara ya Elimu ya shirikisho, ofisi ya haki za raia, ndani ya siku 180 tangu tukio.

Kufukuza si njia pekee. Omba kuhamishwa ghorofa, omba akatazwe kukuandikia. Hayo hutolewa upesi kwa kuwa si adhabu.

Tukimwimbia mzungumzaji mpaka ashindwe kusikika, si nasi tunatumia uhuru wetu? Na mahema je?
*Msomaji, California*

Hapana, kwa yote mawili. Zomea kidogo, geuza mgongo, inua bango, tokeni ukumbini kwa mpigo. Hayo ni yenu. Lakini wanafunzi 10 walihukumiwa kwa makosa ya jinai California mwaka 2011 kwa kusimama kwa zamu na kuikatiza hotuba ya balozi wa Israel pale Irvine mwaka uliotangulia. Mkutano wenu ufanyieni nje ya ukumbi, saa ile ile, na kamera zitakuja zenyewe.

Mahema yana kesi yake ya mwaka 1984: wanaharakati waliotaka kulala kwenye bustani mbele ya Ikulu ya Marekani kuonyesha hali ya wasio na makazi walikataliwa na Mahakama ya Juu, kwa kura 7 kwa 2. Ujumbe ulikuwa halali, kulala hakukuwa. Chuo kinachokataza mahema kwa kila mtu, wakiwemo mashabiki wanaopanga foleni ya tiketi za mpira, kitashinda. Kinachowaachia mashabiki na kuwang'olea ninyi, hicho kipigeni picha.